Mbao Nzito za Hénock

Hénock haamini mtu. Haniamini hata mimi niliyemshonea suti ya harusi. Siku aliyokuja kupimwa alileta tepu yake ya kupimia mbao, akarudia vipimo vyangu vyote kuanzia begani hadi kwenye kifundo cha mguu, kisha akasema, "Sawa, Mama Joël, endelea." Nilitaka kumfukuza. Nilimvumilia kwa ajili ya bibi harusi, Héritière, ambaye ni mtu wa kwetu Uvira na hakuwa na kosa lolote isipokuwa kumpenda.

Mimi ni Célestine. Nashona nguo Jeppestown, hapa Johannesburg, kwenye jengo kuukuu lililokuwa kiwanda cha sijui nini, na sasa limegawanywa vyumba vya mafundi. Karakana ya Hénock iko jirani na chumba changu, na katikati yetu kuna ukuta wa plaiwudi tu. Kwa hiyo mengi ninayosimulia nimeyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, hata yale ambayo sikutaka kuyasikia.

Alizaliwa Fizi, kusini mwa Kivu, kwenye ukoo wa wapasua mbao. Baba yake na ami zake walikuwa wanaingia msituni na msumeno wa watu wawili, wanaangusha mvule au libuyu, ile mbao nyekundu ya kwetu, wanapasua hukohuko. Kule mbao inapimwa kwa mkono. Unainua ncha moja. Ikikulemea, huo ni moyo wa mti, chukua. Ikiinuka kirahisi, ujue umepewa ganda la nje, au mchwa wameshakula ndani, achana nayo. Hénock alifundishwa hivyo kabla hajajua kusoma, na sijawahi kuona mtu aliyeshika somo moja maishani kwa nguvu namna ile.

Vita vikamtoa Fizi. Akapita kambini Tanzania, akapita Zambia, akafika Johannesburg na begi la patasi mgongoni. Kazi ya kwanza aliyopata ilikuwa ulinzi kwenye duka kubwa, na nadhani hiyo ndiyo iliyommaliza kabisa. Unamlipa mtu kwa miaka ili ashuku kila anayepita mlangoni, achungulie mifuko ya akina mama, amfuate mtoto aliyeshika biskuti, halafu unategemea akivua sare aiache tabia hiyo kazini? Thubutu. Hénock alirudi nayo nyumbani. Kanisani alikaa mwishoni ili aone mikono ya kila mtu wakati wa kufumba macho. Karakana yake ilikuwa na kufuli mlangoni, na stoo ya ndani ilikuwa na kufuli mbili, funguo zake akizivaa shingoni pamoja na msalaba.

Mtu mmoja tu aliweza kuishi naye, Juvénal, Mrundi wa Rumonge. Huyu ni mpole, mnene kidogo, mtu wa kucheka kwanza ndipo asikilize. Alikuwa na pikapu yake, bakkie kama wanavyosema huku, na Kizulu chake kilikuwa kinateleza kama mtu aliyezaliwa kwenye hosteli za vibarua wa Kizulu. Wakakubaliana kufanya kazi pamoja: Juvénal anunue mbao, asafirishe, aongee na wateja wenyeji, Hénock akate na kuunga. Vitanda, makabati, milango. Mambo yakaenda. Murielle, binti wa Hénock na Héritière, alipobatizwa, Juvénal ndiye aliyesimama kuwa baba yake wa ubatizo, na kila Jumapili familia hizo mbili zilikula chungu kimoja.

Mwaka 2015, zile wiki walipokuwa wanavunja maduka ya wageni hapa Jeppestown, sote tulikimbia. Mimi nilikimbia na cherehani moja, nyingine nikaiacha. Juvénal alirudi. Aliwaambia vijana waliosimama mlangoni kwa Kizulu kwamba mashine zile ni za bosi wake wa hapahapa, akapakia kila kitu cha Hénock kwenye pikapu na kuondoka polepole mbele ya macho yao. Wangeweza kumuua. Jioni yake, kule tulikojificha, nilimwona Hénock akifungua begi na kukagua patasi zake moja moja. Nilimwambia, "Baba Murielle, wewe una roho gani?" Akanijibu kwamba kukagua si dhambi.

Sasa nije kwenye mbao. Huku Afrika Kusini fundi wa kawaida hatumii mvule. Anatumia paini, na paini hii haitoki msitu wa Mungu, inatoka mashambani. Milima mizima ya Mpumalanga imepandwa misonobari, inavunwa, inapasuliwa viwandani, halafu malori yanaishusha kwenye yadi za huku mjini. Juvénal aliwahi kumpeleka Hénock huko Sabie kufuata mzigo, akidhani atafurahi. Hénock alirudi amenuna. Alinisimulia mara nyingi, na kila mara alizidi kukasirika.

"Mama Joël, miti imesimama kwa mistari kama mahindi. Yote ina unene mmoja, urefu mmoja. Nikasimama kusikiliza, hakuna ndege hata mmoja. Nikamwuliza Juvé, msitu gani huu usio na ndege? Anacheka. Anasema mti huu unapandwa leo na mtu anaukata akiwa bado kijana. Mti wa namna hiyo utakuwa na nguvu gani?"

Na kweli, mbao alizoleta Juvénal zilikuwa nyepesi. Hénock aliziinua ncha moja, zikaja mkononi bila ubishi, naye akaanza kuingiwa na shaka. Vitanda vyake havikuwa vinavunjika, wateja hawakulalamika, lakini yeye alikuwa ameshaamua. Nilimsikia kupitia plaiwudi akimwambia mkewe kwamba Juvénal amekula njama na watu wa yadi, wanampa makapi na mbao nzuri wanazificha.

Héritière akamwambia, "Huyu ndiye aliyekuokolea mashine."

"Ndiyo maana namchunga. Mtu akikufanyia wema mkubwa hivyo, jiulize anataka nini."

Eish. Mimi niliposikia hivyo niliweka sindano chini. Ninakiri nami si mtu wa kuamini watu ovyo, jiji hili halikuruhusu, lakini kuna mahali pa kuishia.

Ikaja kazi ya kanisa. Ilikuwa 2017. Kanisa letu la Pasta Placide lilikuwa limepata gereji ya zamani kule Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi, na wazee wakasema tumechoka na viti vya plastiki vya kukodi, tunataka mabenchi ya mbao, na fundi tunaye. Hii haikuwa kazi ya kitanda cha mtu chumbani. Kila Mkongomani na Mrundi wa upande ule wa mji angeikalia kazi ya Hénock kila Jumapili. Ingekwenda vizuri, angekuwa fundi wa makanisa yote. Ingekwenda vibaya, kila mtu angejua ni ya nani.

Kabla ya kwenda kununua, Hénock alimsimamisha Juvénal katikati ya karakana. Nilikuwa mlangoni na kipimo shingoni kwa sababu nilipewa kazi ya kushona mito ya viti vya madhabahuni.

"Kuanzia leo mbao nachagua mwenyewe," Hénock akasema. "Wewe kazi yako ni usukani."

Juvénal hakucheka safari hii. Alimtazama, akatazama rundo la mbao zake nyepesi ukutani, akasema, "Sawa."

"Si sawa tu. Usiongee na watu wa yadi. Nikikuona unanong'ona nao kwa Kizulu, nitajua."

"Nimesema sawa, Hénock."

Nikapanda nao pikapu, maana nilihitaji sponji na duka lake lilikuwa jirani na yadi. Tulipofika, Hénock aliruka chini akaanza kuzunguka. Ndani ya banda kulikuwa na mbao zimepangwa, kavu, nyeupe, zinanukia vizuri. Akainua ncha moja. Ikainuka kirahisi. Akatema mate. Akatoka nje, nyuma ya banda, ambako lori lilikuwa limetoka kushusha mzigo mpya ukiwa bado na maji ya mvua juu yake. Akainua ncha. Ikamlemea. Akainua ya pili, nayo ikamlemea. Uso wake ulifunguka kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

"Umeona, Mama Joël? Hizi ndizo walikuwa wananificha."

Mwuzaji, mzee mmoja Mzulu mwenye kofia ya sufu, alikuja haraka. Kwa Kiingereza cha polepole akamwambia kwamba hizo bado mbichi, hazijapita kwenye tanuru la kukaushia, zinafaa kwa watu wa kujenga wanaomwaga zege; za fenicha ni zile za ndani. Alisema vizuri kabisa, hata mimi nisiyejua mbao nilielewa. Hénock naye alielewa. Ila alichoelewa ni kwamba mzee anamvuta arudi kwenye makapi. Nami, Mungu anisamehe, nilipoona yule mzee anavyong'ang'ania, nilianza kumtilia shaka kidogo.

Mzee alipoona hasikilizwi, alimgeukia Juvénal aliyekuwa ameegemea mlango wa pikapu. Akamwambia neno kwa Kizulu. Juvénal akainua mikono yote miwili, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutosha Hénock asikie, "Fundi ni yeye. Mimi dereva."

Wakapakia zile nzito. Pikapu ilikaa chini nyuma mpaka nikaogopa tairi. Tuliposimama kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, Hénock alikuwa anapiga mluzi.

Mabenchi yalitoka mazuri, hilo siwezi kumnyima. Alipiga randa, akaunga kwa gundi na skrubu, akapaka vanishi mpaka ukiinama unajiona. Alifanya kazi peke yake, hakutaka mkono wa mtu. Mbao zilizobaki alizifungia stoo, kwa kufuli mbili. Tulizindua kanisa mwishoni mwa Mei, Pasta Placide akamwita mbele, watu wakapiga makofi, na Héritière alilia. Juvénal alipiga makofi pia. Nilimwangalia usoni, sikuona kitu.

Halafu baridi ikaingia. Mtu asiyeijua baridi ya Johannesburg anadhani shida yake ni ubaridi. Shida yake ni ukavu. Mvua inakata kabisa, midomo inapasuka, visigino vinapasuka, nguo unaanika na kuanua kabla hujamaliza chai. Mabenchi yakaanza kulia. Katikati ya maombi ya kimya unasikia ta! pembeni, watu wanafumbua macho. Jumapili iliyofuata benchi la akina mama lilikuwa limenyanyua mguu mmoja, likawa linacheza kila mtu akikohoa. Nyufa zikatokea kwenye viungo. Mwishowe, wakati wa sadaka, benchi la mbele lilijikunja upande mmoja, skrubu zikatoka, na Mama Pasta akakaa sakafuni na kitambaa chake kizuri, miguu juu. Vijana wa kwaya walicheka. Nami nilicheka, nisidanganye.

Lakini wiki ile hakuna aliyecheka tena. Wengine walisema gereji ile ilikuwa na mambo yake ya zamani. Wengine walisema Hénock amerogwa na fundi mwenzake. Pasta Placide alipita na mafuta akiyapaka mabenchi yote, na mabenchi hayakujali, yaliendelea kupinda. Watu walianza kuyakagua kabla ya kukaa, wanayagusa kwa kidole, na kila aliyeyagusa alimtupia Hénock jicho. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa anachungwa.

Nyumbani Héritière alimwona anavyotembea usiku na mchana na jina moja mdomoni. Akamwambia mbele yangu, "Ukimfukuza Juvénal, utabaki na nani? Nitajie mtu mmoja." Hénock hakuwa na wa kumtaja. Na bado alikwenda kumshtaki kwa wazee.

Ilikuwa baada ya ibada, wazee wamekaa, Juvénal naye yupo kwa sababu ndiye aliyekuwa anabeba spika na kushika ufunguo wa kanisa. Hénock alisimama.

"Nani ana ufunguo wa humu?" aliuliza. "Nani anaingia wakati hakuna mtu? Nani aliondolewa kwenye kuchagua mbao akanuna?"

Pasta Placide akasema, "Ndugu Hénock, unasema Juvénal ameyafanyia nini mabenchi?"

"Ameyamwagia maji. Mimi najua mbao. Mbao ikishiba maji halafu ikakauka, inapinda."

Alikuwa na jibu lote mkononi, na akalitupia mtu asiyehusika. Juvénal alisimama taratibu. Nilitegemea atapiga kelele, atatukana, hata ampige. Aliuliza tu, "Umemaliza?" Hénock akasema amemaliza. Juvénal akatoa ufunguo wa kanisa mfukoni, akauweka mezani mbele ya Pasta, akatoka. Kesho yake asubuhi alikuja na pikapu akachukua koti lake la kazi na birika lake la chai. Aliponipita mlangoni alinisalimia kama siku zote. Murielle alimwita baba yake wa ubatizo kwa Kizulu chake cha shuleni, akamfuata mpaka ngazini, na Héritière akamrudisha kwa mkono.

Bila Juvénal karakana ilinyamaza. Wateja wenyeji walikuwa wanamjua yeye. Mwenye jengo alikuwa anaongea naye. Mbao zililetwa na mtu wa kukodi ambaye Hénock alimfuata nyuma hatua kwa hatua. Jumapili Héritière alipika chungu kidogo.

Wazee wakampa Hénock nafasi ya kurekebisha mabenchi. Ilikuwa Agosti. Alikuja chumbani kwangu akasema, "Mama Joël, njoo uwe shahidi. Nafungua stoo nichukue mbao zilizobaki. Uone kufuli hazijaguswa, asije mtu akasema nimebadilisha." Nilikaribia kumwambia atafute shahidi mwingine. Nikaenda.

Kufuli zilikuwa salama, zina vumbi. Akafungua ya kwanza, akafungua ya pili, akawasha taa. Mbao zilikuwa palepale alipoziweka, na zote zilikuwa zimejikunja. Nyingine zimegeuka upande, nyingine zimepasuka kichwani, moja imeinuka katikati kama paka anayenyoosha mgongo. Hénock alitazama dirisha, lina nondo. Akatazama dari. Akapitisha mkono ukutani kutafuta tundu. Mimi nilisimama nikimwangalia akimtafuta mwizi.

Halafu akashika ncha ya ubao mmoja, akainua. Ubao ukaja juu wenyewe, mwepesi kabisa.

"Wamezibadilisha," alisema.

"Baba Murielle, tazama alama."

Kwenye ncha kulikuwa na alama yake ya penseli, ile aliyoiweka mwenyewe siku ya kununua ili asiibiwe. Akainua ubao mwingine, wenye alama, mwepesi. Akainua mwingine. Alikaa chini kwenye vumbi la randa na ubao mapajani.

"Yalikuwa maji," alisema. "Mama Joël, nilinunua maji."

Sijawahi kumhurumia mtu namna ile huku nataka kumzaba kibao.

Tulimkuta Juvénal Turffontein, nyuma ya nyumba moja, anaunga kenchi za paa kwa mtu wa ujenzi. Hénock aliniomba nimsindikize. Alisema anaogopa hatajua pa kuanzia. Alianza vibaya, akaeleza kuhusu stoo, kuhusu kufuli, kuhusu alama za penseli, kama mtu anayetoa ripoti kwa mkuu wa zamu. Juvénal aliendelea kupiga misumari mpaka aliposikia neno "nisamehe." Akasimamisha nyundo.

"Nimekusamehe," alisema. "Zamani."

"Ulijua?"

"Nilijua pale yadi. Yule mzee aliniambia kwa Kizulu, mzuie mwenzako, hizo zitampindia zote."

"Sasa kwa nini hukunizuia?"

"Ningekuzuia, ungeniamini?"

Hénock alitazama chini. Nilimwombea moyoni aseme ndiyo, hata kwa uongo, watu husema uongo kwa mambo madogo zaidi ya hayo. Akasema, "Hapana. Nisingekuamini."

Juvénal akajifuta jasho kwa mkono wa shati. "Na mimi nikuambie yangu, usije ukadhani mimi ni malaika. Sikunyamaza kwa sababu ulinikataza tu. Nilitaka zipinde. Siku ile unapigiwa makofi kanisani, nami napiga, nilikuwa nasubiri baridi."

Miaka yote Hénock alikuwa anamtafuta Juvénal huyo, na sasa amempata, na ni yeye mwenyewe aliyemtengeneza.

"Rudi," Hénock akasema. "Murielle anakuuliza kila siku. Rudi tufanye kazi."

"Nikirudi, kuna siku utaacha kunichunga?"

Niliona anavyojitahidi. Mkono wake ukaenda shingoni kwenye zile funguo na msalaba, ukashuka.

"Sijui, Juvé."

"Basi ukijua, njoo," Juvénal alisema, na akaokota msumari.

Tukaondoka. Hénock alikuwa analia waziwazi barabarani mbele ya watu, na hakuangalia nyuma kuona nani anatutazama.